Fundi Aliyeinua Maharusi Asiwaone

Wako wanawake wengi, kutoka Kisauni mpaka Likoni, ambao siku yao kubwa waliinuliwa hewani na mwanamume wasiyemjua uso. Na yeye hakuwajua wao. Alikuwa chini ya jukwaa, nyuma ya pazia jeusi, amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, macho kwenye waya wa winchi na kidole gumba juu ya kitufe chekundu. Juu yake bibi harusi anapanda polepole kama mkate unaoumuka, vigelegele vinapigwa, udi unafuka, na yeye huko chini anatazama waya tu. Sote tulimwita Fundi. Jina analo, lakini hata mkewe alimwita Fundi, kwa hivyo sioni kwa nini mimi nimwite vingine.

Mimi ni mtu wa mahema na viti. Nilianza kwa kukodisha sufuria za pilau hapa Magogoni, shule nikaiachia darasa la tatu, na leo hakuna harusi kubwa upande huu wa bara ambayo wageni wake hawajakalia viti vyangu. Nasema hivyo kwa kujisifu, na pia mjue nilikuwa nikimwona Fundi wapi: pale pale uwanjani, yeye akifunga vyuma vyake, mimi nikisimamisha mahema yangu, tukigombania kivuli kimoja kwa miaka chungu nzima.

Kile kitufe chekundu hakikuwahi kushikwa na mkono mwingine. Ndicho kilichosimamisha mtambo ukiwa unakwenda, na Fundi alikilinda kama watu wanavyolinda funguo za msikiti. Halafu macho yakaanza kumsaliti, na mjukuu wake mwenyewe akasema naye anataka kuinuliwa. Hapo ndipo nitakapofika. Lakini mtu hawezi kujua ule ulikuwa mzigo gani kama hajamjua mwenye kitufe.

Nianze na shangazi.

Jukwaa la Fundi lina sehemu kubwa isiyosogea, na katikati yake kipande cha duara, upana wa kitanda, kinachozama na kupanda kwa mota na winchi. Bibi harusi huingizwa kwa chini, akaketi kwenye kiti chake cha kifalme, kisha akachomoza mbele ya watu. Kabla ya hapo lazima Fundi ajue uzito, na hapo ndipo palipokuwa na tabu, maana hakuna familia iliyowahi kumwambia kweli. Alikuwa akiuliza kwa adabu, kichwa amekiinamisha, na mama mtu anamjibu kuwa binti yake ni unyoya mtupu. Siku ikifika anakuja mtoto wa watu mwenye afya yake, gauni lina mkia wa kufagia uwanja mzima, na dhahabu ya nyumba mbili imekaa kifuani.

Basi akaacha kuuliza. Akawa anapandisha magunia ya mchanga: gunia la bibi harusi, gunia la gauni, gunia la kiti, na gunia moja kubwa kuliko yote aliloliita shangazi. Kwa sababu huku kwetu haijawahi kutokea harusi ambayo shangazi hapandi dakika ya mwisho. Ameona mtandio umekaa upande, ameona ua limelegea, basi anarukia mtambo unaokwenda kama anayepanda kitandani kwake. Nilimwambia Fundi awatilie kamba. Akaniuliza kama nimewahi kumfunga shangazi yangu.

"Wenye vitabu wana hesabu yao ya akiba," aliniambia. "Akiba yangu mimi yavaa leso."

Magunia yale aliyapandisha mpaka juu kabisa, kila sherehe, hata kama juzi tu mtambo ulifanya kazi, akayaacha huko huku anakunywa chai. Siku moja vijana wangu wa viti walilivika gunia mtandio, na wapishi walipoliona linachomoza wakapiga vigelegele. Fundi alinuna. Alinuna mpaka chai ikapoa, kisha akaja kuniuliza, kwa sauti yake ile ya chini, kama gunia limeshaposwa.

Sauti yake nayo ilikuwa ajabu. Mota aliisemesha kwa ukali, watu kwa upole. Ungemsikia nyuma ya pazia akifoka, "Amka wewe, mvivu wee, watu washavaa," ukadhani anamwamsha mwanawe. Lakini akija mkubwa wa serikali, au sheikh, au mchungaji, alizungumza kwa kunong'ona mpaka jenereta ikammeza, na mkubwa wa watu anabaki kutikisa kichwa akikubali asichokisikia. Nadhani alifanya makusudi. Makubaliano mengi aliyapata kwa njia ile.

Hakuchagua dini ya kazi. Maulidi, mahafali, mikutano ya injili, siku za kitaifa ambapo jua linawachoma wanafunzi na wakubwa wamekaa chini ya mahema yangu, kote alikwenda. Changamwe alikuwako mhubiri aliyetaka kushushwa kutoka juu, katikati ya moshi, kama anayetoka mawinguni. Fundi alimjibu kuwa yeye hupandisha tu, kushusha mtu kutoka mbinguni hakusomea. Wakavutana, mwisho wakakubaliana mhubiri apande kutoka chini, moshi wautie. Moshi wakautia kupita kiasi. Mtumishi wa Mungu alichomoza akikohoa, akakohoa mbele ya umati mzima mpaka machozi, na waumini kwa heshima zao wakawa wanaitikia amina kila akikohoa. Jioni Fundi alisema lile ndilo hubiri pekee alilolielewa mwanzo hadi mwisho.

Lakini mkutano ule ule ulisimama alasiri nzima ukamngoja yeye, maana adhana ilipolia alikwenda msikitini na ufunguo wa jenereta mfukoni. Aliporudi hakuomba radhi. Alisema jenereta nayo ilikuwa imehitaji kupumzika.

Sasa mtu huyu, aliyeinua nusu ya mabinti wa mkoa, mwenyewe aliogopa kimo. Simsingizii. Hakuwahi kukanyaga duara lake likiwa juu. Kubadilisha taa alimtuma mwingine, naye akasimama chini akitoa amri na jasho likimtoka kuliko aliyepanda. Mwanawe mmoja wa kike alikuwa akikaa ghorofa ya tatu, na Fundi hakufika mlangoni kwake hata mara moja. Alikwenda kumtembelea, akasimama barabarani, wakazungumza kwa simu huku wanatazamana, naye akateremshiwa chai kwa kikapu. Mwishowe akaona kikapu kinayumba, akamtuma mtu afunge kiwinchi kidogo dirishani. Chai ikawa inashuka kwa umeme. Majirani walikuja kutazama. Nilimwambia, Fundi, si ungepanda tu ngazi, akasema ngazi haina kitufe cha kusimamisha.

Na upepo. Kila uwanja alisimika mlingoti na kufunga leso ya mkewe. Leso ikining'inia, kazi inaendelea. Ikilala ubavu, hapandi mtu, hata awe binti wa nani. Kwa leso ile aliwahi kuahirisha sherehe ya watu wazito, na kweli hema moja la mshindani wangu likaruka na kwenda kutua kwenye ua wa shule. Nilifurahi, sitadanganya.

Ndipo akaja kijana mmoja injinia kutoka Nairobi na chombo cha kupimia upepo, vikombe vidogo vinazunguka juu ya kijiti. Fundi alikicheka. Aliuliza kahawa inatiwa saa ngapi. Siku hiyo palikuwa pamenyesha manyunyu tangu alfajiri, leso imelowa, imening'inia kama matumbo buchani. Fundi akasema hakuna upepo. Kijana akasema uko, tena mwingi. Wakiwa bado wanabishana, pembe ya hema langu ikang'oka na kigingi chake. Kijana alikuwa na haki, na Fundi alijua, na mimi nikalipa kushona turubai.

Alikwenda kuianua leso yake iliyolowa. Lakini sherehe iliyofuata, Ziwa la Ng'ombe, nikatazama juu ya mlingoti nikaona leso, na ubavuni mwake vikombe vinazunguka. Nikamuuliza hiki nini tena.

"Leso imepata mke mwenza," akasema, akaendelea kukaza parafujo.

Vyuma vyake vyote vilichomelewa na mwanamke mmoja wa Bombolulu, anayetumia kiti cha magurudumu, mwenye mdomo mkali kuliko moto anaochomelea. Fundi alimwita Binti, ingawa Binti mwenyewe ana watoto wenye ndevu. Yeye alimwita Fundi Mzee wa Ndoo. Binti ndiye aliyemlazimisha kila jukwaa liwe na njia ya mteremko. Alimwambia waziwazi kwamba hawezi kujenga jukwaa asiloweza kulipanda, kwani nani atakagua kazi? Fundi alilalamika kuwa inakula mbao. Baadaye mteremko ule ule ukawa unapandisha keki, na mabibi wenye magoti mabovu, na wageni rasmi wenye matumbo, na Fundi akawa anauonyesha kwa watu kama ameuota yeye.

Wawili hawa walikuwa na ugomvi mmoja usiokwisha, nao ni kitufe. Mnajua kupamba kwetu ni sherehe ya wanawake peke yao. Wamevua mabuibui, wamevaa walivyovaa, mwanamume hana ruhusa kutupa jicho. Ndiyo maana Fundi alikaa nyuma ya pazia. Kwa kuwa haoni mbele, aliweka taa ndogo nyekundu karibu na waya, na mbele ukumbini akamkalisha mwanamke mwenye swichi. Mwanamke akiona hatari anawasha taa, Fundi akiiona taa anabonyeza kitufe. Binti alisema huo ni mzunguko wa bure. Mpe kitufe mwanamke anayeona, yaishe. Fundi alijibu kuwa waya unasema kila kitu, mwenye kuujua waya hahitaji kuona watu. Binti akamwambia waya haujui miguu.

Na ni miguu kweli. Baina ya lile duara na jukwaa kuna mwanya, na duara likishuka mwanya ule unasaga kama mashine ya maji ya miwa.

Ilikuwa Likoni. Duara linashuka, na mgeni mmoja aliyekwenda kumtunza bibi harusi pesa akaweka mguu ukingoni. Mwanamke wa swichi aliwasha taa. Nilikuwa nyuma na Fundi, nimemletea maji, na taa niliiona kwa macho yangu. Iliwaka. Nikangoja abonyeze. Hakubonyeza. Alibonyeza wanawake walipopiga mayowe, na wakati huo yule mgeni ameshauchomoa mguu, kiatu kikabaki. Kiatu kilitoka bapa kama chapati. Ukumbi mzima ulicheka, mwenye kiatu akacheka kuliko wote, akaendelea kucheza na mguu mmoja mtupu.

Fundi hakucheka. Alikifungua kitufe, akakipuliza, akakifunga.

"Kutu," akaniambia.

Hakukuwa na kutu. Mimi maisha yangu yote nimenunua vyuma vilivyotumika, kutu naijua. Na nilimwona akiitafuta parafujo iliyokuwa mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, akiipapasa kwa ncha za vidole.

Mkewe alinithibitishia. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema hutolewa, si jambo kubwa. Fundi aliuliza kitanda chao cha upasuaji kinapandishwa na nini, akaambiwa kwa kukanyaga kipedali, akashukuru, akavaa viatu, akarudi nyumbani na macho yake vile vile.

Basi haikupita muda akaja kwangu kuagiza mahema. Mjukuu wake anaolewa, yule wa kwanza, aliyelelewa kwake. Kupamba ni uwanja wa hapa hapa Magogoni, alasiri, na binti kasema wenzake wote wameinuliwa na babu yake, naye hakubali kuketi chini kama mgeni. Fundi aliyaeleza haya kifua mbele. Alisema atamwinua kwa mkono wake.

Mimi husema wazi. Nimewahi kumwambia mama wa bwana harusi mbele ya jamaa zake kwamba pilau yake mbichi. Lakini siku hiyo nilimimina kahawa mara mbili kabla ya kupata pa kuanzia, na nilipopata nikaanza vibaya.

"Fundi, macho yako hayaoni."

"Waya nauona."

"Taa huioni. Likoni iliwaka, nikakutazama."

Alikiweka kikombe chini. Kisha akasema, polepole, kuwa amekuwa akifanya kazi hii tangu mimi nikiwa na sufuria mbili, na kwamba mtu wa mahema atazame mahema. Akainuka akaondoka. Kahawa aliiacha kikombeni, na kwa mtu wa kwetu hilo ni tusi kubwa kuliko maneno yote.

Mahema niliyapeleka. Ningefanyaje. Asubuhi ya siku yenyewe nilifika mapema, naye nikamkuta na ndoo yake, ameshaipindua mahali pake. Salamu yangu aliijibu kwa kidevu. Magunia yakapanda, bibi harusi, gauni, kiti, shangazi, yakakaa juu, yakashuka. Leso imening'inia, mke mwenza hazunguki. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kile nisichoweza kukisema mara ya pili. Nilikuwa namtazama yule msichana akipita pita na hina yake mbichi miguuni, na mimi sioni kitu kingine ila ile miguu.

Karibu na adhuhuri Binti alikuja na kiti chake mpaka nyuma ya pazia, kukagua vyuma kama kawaida. Mimi nilikuwa nafunga kamba hapo hapo. Fundi alikaa kwenye ndoo yake, akaelekeza uso kwenye waya, akamwambia aende mbele akajaribu swichi.

"Washa taa," akaita.

Binti alikuwa ameshafika mbele, juu ya mteremko, na swichi mkononi. Upande wa pili wa uwanja wapishi walikuwa wakigonganisha masufuria.

"Binti, nasema washa taa."

"Imewaka zamani, Mzee," akajibu Binti.

Fundi aligeuza uso kidogo kulia, kidogo kushoto, kama mtu anayetafuta harufu inatokea wapi. Taa ilikuwa mbele yake, mkono ungeifikia. Mimi nilifunga kamba ambayo nilikwisha kuifunga.

Halafu akainuka. Akaokota kitufe na waya wake, akawa anauviringisha kwa uangalifu, pete juu ya pete, akaenda nao mpaka kwenye mteremko alipokuwa Binti. Akaukabidhi mapajani mwake.

"Kaa mbele," akamwambia. "Uangalie miguu."

Binti alikishika kitufe kwa mikono miwili, akakubali kwa kichwa. Kisha Fundi akanawa mikono, akachukua kofia yake, akaanza kuelekea barabarani. Nikamkimbilia. Nikamuuliza aenda wapi. Akasema kupamba ni kwa wanawake, na yeye sasa hana kazi ndani.

Nikamwambia, "Wewe si fundi leo. Wewe ni babu yake. Babu mtu hupigiwa hodi akaingia."

Aliniangalia kama nimemwambia apande mnara. Lakini alasiri ilipofika, bibi harusi ameshaingizwa chini, somo yake, yule mwanamke aliyemfunda, alishika kipaza sauti akawaambia watu, "Jistirini, kina mama, babu yake yuwaja." Uwanja mzima ukawa mweusi kwa mabuibui. Fundi akaingia na kanzu yake, ameinama kuliko alivyozoea kuinama kwa wakubwa, akaketi mstari wa mbele kwenye kiti changu cheupe, mimi niliyemshika mkono kumwongoza nikiwa ubavuni.

Binti akaiwasha mota, ikanguruma. Akatabasamu alipoisikia, akasema chini chini, "Amka, mvivu wee." Duara likaanza kupanda. Kwanza taji, kisha kilemba cha jasmini, kisha uso wa yule mtoto, umetulia kama maji ya mtungini. Fundi alisogea ukingoni mwa kiti. Na kidole gumba chake kilikuwa kimekandamiza mkono wa kiti changu, kinabonyeza plastiki tupu.

Ghafla mtambo ukasimama. Bibi harusi akayumba kidogo, watu wakaguna. Sauti ya Binti ikatoka pembeni bila kipaza, "Shangazi, teremka." Mwanamke mmoja, mguu mmoja ukingoni na mwingine hewani, mkono umeshika pini ya mtandio, akashuka huku akijitetea kuwa mtandio ulikuwa upande. Kicheko kikaenda mpaka nje ya uzio.

"Nani alipanda?" Fundi akaniuliza.

"Mwanao mwenyewe. Yule wa ghorofani."

 Mtambo ukaondoka tena.

"Mimi nisingemwona," akasema.

 Bibi harusi alifika juu, jua la alasiri likampiga kwenye dhahabu, na hata kwa macho yale yenye ukungu nadhani mwanga ulimfikia, kwa kuwa alinyanyua kiganja akajikinga. Vigelegele vilikuwa vikubwa mno ikabidi aniinamie sikioni.

"Huwa wazuri hivi siku zote?"

"Siku zote," nikamwambia. "Wewe ulikuwa ukitazama waya."

Kidole gumba chake kilibaki pale pale, kimebonyeza mkono wa kiti mpaka ukucha ukawa mweupe. Nilimwacha. Viti vyangu ni imara.